Globu Ikiungua Isiiue Dima

Kazi yangu ya ufundi wa stima hunipandisha bara mara kwa mara. Napita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu huko Makueni, na siku nyingine nashika njia ya Mutomo hadi Kitui. Wapwani wengi wana jamaa na biashara huko, na kilio ninachokutana nacho ni kile kile: globu ya sebuleni imeungua, imewekwa mpya, lakini dima, ile swichi ya kuzungusha ya kupunguza mwanga, imekufa. Taa yawaka kwa nguvu zote hata ukizungusha vipi, au haiwaki kabisa.

Kibwezi mama mmoja aliniambia, "Fundi, hii ni dima ya tatu. Mwatuuzia vitu vibovu." Nikamjibu, "La, mama. Dima ilikuwa nzima. Imeuliwa na globu."

Globu ya waya, ikiwamo ile ndogo ya halojeni ya darini, ina uzi mwembamba ndani. Uzi ukikatika, cheche yaweza kuruka pale penye pengo na kuunganisha nguzo mbili zinazoushika. Globu ya wati 60 kwa kawaida huvuta robo ampea tu; cheche ile yaweza kuvuta makumi ya ampea. Hudumu kama sehemu moja ya mia ya sekunde, lakini hiyo yatosha. Ndani ya dima mna kifaa kidogo kiitwacho traiaki, nacho huungua kabla breka haijawahi kukata. Ndiyo maana unakuta breka imeanguka, unairudisha, na dima tayari imekwisha.

Sasa, mbona globu zenyewe ziungue upesi? Umeme wa majumbani Kenya ni volti 240. Globu nyingi za bei nafuu zimeandikwa 220 au 230. Volti zikizidi kwa asilimia 5 tu, umri wa globu ya waya hupungua karibu nusu. Ile ya 220 ukiipa 240 huishi kama thuluthi ya umri wake. Kila globu inayoungua ni hatari mpya kwa dima.

Nyumba ya mama yule nilifanya haya, nawe waweza kuyafuata:

1. Nunua globu iliyoandikwa 240, au 220 hadi 240. Zilizo bora huwa na kifyuzi ndani ya kitako, kinachokatika cheche inapozuka.

2. Washa mwanga ukiwa chini, kisha upandishe taratibu. Uzi baridi huvuta umeme zaidi ya mara kumi ya kawaida, ndiyo sababu globu nyingi huungua pale zinapowashwa.

3. Usiijaze dima. Ikiwa imeandikwa wati 400, iwekee 250 hivi. Jumlisha globu zote zinazoitegemea.

4. Ukinunua dima mpya, tafuta yenye fyuzi yake ndani. Fyuzi ni rahisi kubadilisha kuliko dima nzima.

5. Ukiweza, hamia globu za LED. Hazina uzi wa kukatika. Lakini pakiti iseme wazi kuwa zinakubali dima, na dima nayo iwe ya LED. La sivyo taa itapepesa.

6. Feni usiifunge kwenye dima ya taa. Ina kidhibiti chake.

La mwisho ndilo zito kuliko bei ya dima. Msibadilishe globu kwa kutegemea dima iliyozimwa. Zile za kugusa kwa kidole au za rimoti hazikati umeme kwa mguso wa chuma kama swichi ya kawaida. Traiaki ikiungua, kishikio cha globu hubaki na umeme ilhali taa yasemekana imezimwa. Mama yule alikuwa akimpandisha mwanawe kwenye stuli kufungua globu huku umeme wa nyumba uko wazi. Nilimwonyesha breka ya taa kwenye boksi la stima na kumwambia: hii kwanza, ndipo stuli.

Na dima ikiwa imeshaungua, usiipasue mwenyewe. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, na umwambie iliungua pamoja na globu. Asiponunua globu sahihi pamoja na dima, mtaonana tena karibuni.