Nyumba ya Mianzi Katika Ufuko wa Ziwa Nyasa

Tunapoutaja utamaduni wa taifa letu, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, mavazi, mashairi na methali. Ni nadra mtu kuitaja nyumba. Na hali nyumba ndiyo kazi ya sanaa ambayo kila jamii ililazimika kuitunga, ipende isipende, kwa kuwa mtu aweza kuishi bila ngoma lakini hawezi kulala mvuani. Mimi mwenyewe simo nje ya lawama hiyo. Miaka mingi nimekuwa mtumishi wa serikali katika mambo ya utamaduni. Nimeandika taarifa za ngoma nyingi kuliko ninavyoweza kuzikumbuka, wala sikupata kuandika hata moja juu ya ukuta.

Kilichonizindua ni mtungi. Kijiji cha Lyulilo, jirani na Matema, wilayani Kyela, kimekaa pale ambapo milima ya Livingstone inateremka kuliendea Ziwa Nyasa. Siku ya Jumamosi pana soko la vyungu, vilivyofinyangwa na wanawake wa Kikisi wa Ikombe na kuletwa kwa mitumbwi. Nilinunua mtungi mmoja, nikaupeleka katika nyumba niliyokuwa nimepanga, nyumba ya matofali ya saruji iliyoezekwa mabati. Saa nane mchana maji ya mtungini yalikuwa baridi, na mimi mwenye kuyanywa nilikuwa nimelowa jasho. Udongo wa mtungi una vinyweleo. Maji hupenya kidogo kidogo hadi ngozi ya nje, hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka pamoja na joto. Nikajiuliza: watu waliolijua joto kiasi hiki, wao wenyewe walikuwa wakilala katika nyumba za namna gani?

Hapana budi kwanza tuielewe nchi yenyewe. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Rungwe, ambacho si mbali sana kwa upande wa kaskazini, kinakaribia mita 3,000. Mawingu yanayotoka ziwani huzuiwa na milima, na mvua humwagika kwa wingi ambao pengine ni vigumu kuupata kwingineko nchini. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hupita katika bonde hili na mara nyingi hufurika wakati wa masika. Kwa hiyo adui wa mjenzi wa Kyela si joto peke yake, bali ni joto lililooana na unyevunyevu. Katika nchi kavu, ukuta mnene wa udongo hulihifadhi baridi la usiku hadi mchana. Katika bonde lenye unyevu, ambako usiku nao ni wa joto, ukuta kama huo hausaidii sana. Hapo panatakiwa kivuli na upepo.

Mwaka 1879 Mskoti Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 aliyeachiwa uongozi wa msafara baada ya mkuu wake kufariki njiani, alifika ncha ya kaskazini ya ziwa hili. Safari za Wazungu wa wakati ule zimejaa dharau, lakini aliyoyaona kwa Wanyakyusa yalimshangaza: migomba yenye kivuli, viwanja vilivyofagiliwa, nyumba zilizojengwa kwa unadhifu. Wamisionari wa Kijerumani waliofuata mwaka 1891, ambao waliwaita watu hawa Wakonde, nao walizisifu nyumba hizo. Hatuhitaji sifa za wageni ili tujue thamani ya kilicho chetu. Nazitaja kwa sababu moja tu: zinathibitisha kwamba nyumba ya mianzi haikuwa kibanda cha mtu aliyekosa kitu bora.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya aina mbili. Kulikuwa na ya msonge, na kulikuwa na ndefu ya pembe nne ambamo watu walilala pamoja na ng'ombe wao. Kiunzi kilikuwa cha mianzi, na katika nyumba nyingi za msonge ukuta uliinama kuelekea nje, kama kikapu kinavyopanuka mdomoni. Katikati ya mianzi walijaza udongo uliofinyangwa kwa mikono. Huku bondeni kuta nyingine ziliachwa bila kukandikwa, ili upepo wa ziwa upite baina ya fito. Paa la nyasi lilikuwa nene na lenye mwinuko mkali: mvua haikupata mahali pa kutuama, na jua lilikwama ndani ya nyasi kabla halijamfikia mlalaji. Moshi wa jikoni, ambao sisi tuliosoma tumezoea kuulaani, ulizikausha nyasi na kuwafukuza wadudu. Vifaa vyote vilipatikana pale pale. Mwanzi uliokatwa huchipua tena kutoka kwenye shina lake, na katika muda wa miaka mitatu hadi mitano huwa umekomaa kwa ujenzi.

Lakini nyumba hiyo ilikuwa na sharti lake, na hapo ndipo penye kiini cha historia hii. Nyasi huoza, mianzi huliwa na wadudu, na moto mmoja wa kiangazi waweza kuteketeza kila kitu. Nyumba ilidumu kwa sababu ilifanywa upya daima, na ilifanywa upya kwa sababu mikono ilikuwepo. Wanyakyusa walikuwa na mpango usio wa kawaida duniani, nao ni kijiji cha rika. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa nao kati ya mwaka 1934 na 1938, waliueleza mpango huo kwa kirefu. Wavulana wa kiasi cha miaka kumi au kumi na mmoja walitoka nyumbani kwa baba zao, wakajijengea vibanda pembeni mwa kijiji, na kwenda kwa mama zao kula tu. Vibanda vya kwanza vilikuwa kama michezo ya watoto. Kadiri walivyokua, ndivyo walivyojenga imara zaidi, hadi wakaoa na kijiji kikawa chao kamili. Kwa maneno mengine, kila mwanamume alikuwa fundi, na kila fundi alikuwa na wenzake wa kumsaidia kupandisha paa. Nathubutu kusema kuwa hiyo ilikuwa shule ya ufundi iliyotangulia shule zetu zote za ufundi.

Ukoloni haukuipiga marufuku nyumba ya mianzi. Uliichukua mikono. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilitangaza kodi ya nyumba, na Waingereza nao wakaja na yao. Vijana wakaenda kuitafuta fedha hiyo katika machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, na hata Afrika Kusini. Wakati huohuo vijiji vya rika vilififia, kila mtu akataka shamba lake. Aliyerudi kutoka mgodini alirudi na fedha, lakini rika lake halikuwepo kumwezekea. Bati ndilo lililomfaa, kwa sababu bati halihitaji rika.

Kwa hiyo tusiwe wepesi wa kumcheka mwenye bati. Mwaka 1977, katika kuupima mwendo wa miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwakaripia wananchi wanaokataa kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae, wakingojea mabati na saruji kana kwamba bila hivyo hakuna nyumba. Alikuwa na haki ya kukaripia. Hata hivyo mwanamke mjane wa Kyela, asiye na kijana wa kumkatia nyasi, anajua jambo ambalo karipio halikuligusa. Bati lake humpa maji safi ya mvua, na halishiki moto. Gharama yake hulipwa mchana kwa joto, na wakati wa mvua kwa makelele: mwalimu yeyote aliyefundisha katika bonde hili anajua namna somo linavyosimama mvua inapoanza kupiga darasa.

Ipo gharama nyingine tusiyoiona. Saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa katika joto linalokaribia nyuzi 1,450, na viwanda vyake kwa jumla hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Tofali la kuchoma nalo hula misitu, isipokuwa pale linapochomwa kwa pumba za mpunga, na pumba Kyela si haba. Mwanzi, kinyume chake, huivuta hewa hiyo unapokua.

Wengine watauliza habari ya mbu, na swali hilo ni la haki, maana upepo unapopita mbu naye hupita. Jibu limeanza kutafutwa hapahapa nchini. Katika kijiji cha Magoda, wilayani Muheza, watafiti walijenga nyumba sita za majaribio, nyingine za ghorofa moja juu, zenye kuta nyepesi za mbao, mianzi au wavu, na madirisha yaliyozibwa kwa wavu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Katika zile za ghorofa, joto la ndani lilikuwa chini kwa nyuzi zaidi ya 2 kuliko katika nyumba za kawaida za kijiji, na mbu walioingia walikuwa wachache mno. Nilipoisoma habari hiyo niliukumbuka ukuta wa fito wa Kyela. Kilichoongezwa ni wavu.

Mara ya mwisho nilipokwenda Lyulilo nilifikia kwa mzee mmoja mwenye nyumba nzuri ya matofali na bati jekundu. Nyuma yake kulikuwa na jiko la mianzi lililoezekwa nyasi, lisilokandikwa, na huko ndiko alikoniwekea kigoda. Nikamuuliza kwa utani kama sikustahili sebule.

"La, mgeni wangu," akasema, huku akinimiminia maji ya mtungini. "Kule tunaingia jua likishazama."