Waziri karibu na Rais na dirkaba: nani anapaswa kujibu?

Hapa Likasi, matatizo ya mishahara ya Gécamines, ya maji ao ya barabara yanapokawia, mara nyingi tunasikia: "Tuandike moja kwa moja ku Prezidansi!" Muzuri. Lakini kwa nani? Watu wanachanganya wakubwa wawili wa pale: waziri karibu na Rais, na mkurugenzi wa ofisi ya Rais, yule tunayemwita dirkaba. Wote wawili wanafanya kazi pembeni ya Rais, lakini mbele ya sheria hawako sawa.

Waziri karibu na Rais

Huyu ni memba wa serikali. Rais anamtaja kwa pendekezo la waziri mkuu, kufuatana na kifungu cha 78 cha Katiba ya mwaka 2006. Hana sekta yake moja kama vile afya ao madini. Anafuata kazi ambazo Rais anamkabizi, na anaketi katika baraza la mawaziri. Katiba hailazimishi kiti hicho kiwepo. Katika serikali ya Antoine Gizenga mwaka 2007 alikikalia Nkulu Mitumba Kilombo. Mwaka 2019, chini ya Sylvestre Ilunga, André Kabanda Kana. Mwaka 2021, chini ya Sama Lukonde, Nana Manuanina Kihumba.

Mbele ya Katiba hiyo, Katanga ilijua waziri wa Prezidansi mwenye nguvu zaidi. Augustin Katumba Mwanke, aliyekuwa gavana wetu, alikwenda Kinshasa kuwa waziri wa Prezidansi na wa Portefeuille, maana yake kampuni za serikali, Gécamines ikiwa ndani. Wakati ule hakukuwa waziri mkuu. Kila kitu kilipandia kwa Rais.

Dirkaba

Dirkaba si memba wa serikali. Anatajwa na Rais peke yake, anaongoza washauri na anapanga barua na mafaili yanayoingia kwa Rais. Kwa hiyo anaweza kuwa na nguvu kupita waziri. Tuliona hivyo mwaka 2019: serikali mpya ilikawia miezi saba, na Vital Kamerhe, dirkaba wa Félix Tshisekedi, ndiye aliyesimamia programu ya siku 100.

Tofauti iko wapi?

Iko katika kujibu. Wabunge wanaweza kumwita waziri, kumuuliza swali la mdomo ao la kuandika, na hata kumwondoa. Sehemu moja ya kumi ya wabunge, ni kusema 50 kati ya 500, inatosha kuweka sahihi kwenye mosyo ya kumkosea imani. Wengi wa wabunge wote wakiikubali, anahesabiwa kuwa amejiuzulu. Tena waziri anapaswa kutangaza mali yake mbele ya Mahakama ya Katiba, na akishitakiwa, anahukumiwa na Cour de cassation.

Kwa dirkaba, mosyo hiyo haiko. Ni Rais tu anayeweza kumtoa. Ndiyo maana Kamerhe, alipokamatwa mwezi wa 4 mwaka 2020, alihukumiwa na tribinali ya kawaida ya Gombe. Alipewa miaka 20. Mwaka 2022 Mahakama ya rufaa ikamwachilia huru. Mwaka 2023 akawa naibu waziri mkuu wa uchumi. Mtu ni yule yule, lakini sasa bunge lilikuwa na haki ya kumuuliza.

Kwetu inasaidia nini?

Barua ya Prezidansi inapita mikononi mwa dirkaba, na ingawa Katiba inataka ombi la raia lijibiwe katika miezi mitatu, jibu linaweza kukosa. Basi usiitume peke yake. Peleka kopi kwa waziri anayehusika na jambo hilo, na kopi nyingine kwa mbunge wa Likasi. Chunga nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Dirkaba akinyamaza, mbunge hawezi kumwekea mosyo. Waziri akinyamaza, mbunge anaweza kumuuliza mbele ya inchi nzima. Na mbunge naye akinyamaza, sisi ndio tunaompigia kura.