Mamba na Mnazi: Dhamira na Taswira katika Mashairi Mawili ya Abdilatif Abdalla

Mnamo Desemba 1968, serikali ya Kenya ilimkamata kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, kwa sababu ya waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?". Waraka huo uliishutumu serikali ya KANU kwa namna ilivyokibana chama cha upinzani cha KPU. Mshairi alifungwa miaka 3, akawekwa katika magereza ya Kamiti na Shimo la Tewa, kwa muda mrefu akiwa peke yake chumbani. Humo alitunga kwa siri, akiandika juu ya karatasi za chooni. Aliachiwa mwaka 1972, na tungo hizo zikachapishwa katika diwani ya Sauti ya Dhiki (1973).

Katika diwani hiyo yamo mashairi mawili ambayo aghalabu huchambuliwa mbalimbali: "Mamba" na "Mnazi: Vuta N'kuvute". Yote mawili yana dhamira ya utawala na dhuluma. Hata hivyo, kila moja linamtazama mtawala kwa jicho lake, na tofauti hiyo imo ndani ya taswira yenyewe.

"Mamba" ni shairi fupi. Mamba yumo mtoni, anatakabari na kujiona kuwa hatakufa. Mshairi anamkumbusha kwamba siku yake itafika na nguvu zitamwishia. Mwanzoni kabisa msomaji anaarifiwa kuwa anapewa fumbo, alifumbue akiweza. Hapa Abdilatif anafuata njia ya kale ya Mombasa, ambako Muyaka bin Haji (takriban 1776–1840) alikwisha kuyafumba mambo ya siasa ya mji wake. Kwa mfungwa, fumbo lilikuwa pia kinga. Mlinzi akiikuta karatasi, ataona habari za mnyama tu. Lakini taswira hii ina mipaka yake. Mamba hasemeshwi akasikia, wala hadaiwi haki. Mtu anaweza kumwepuka, au kuungoja mwisho wake. Kwa hiyo tumaini lililomo katika shairi hili ni la wakati: kila chenye nguvu kina kikomo.

"Mnazi: Vuta N'kuvute" limejengwa kwa namna nyingine. Ni majibizano ya ndugu wawili, Badi na Alii. Mmoja ameukwea mnazi na hataki kuteremka. Aliyeko chini analalamika kwamba nazi zinamfaa mmoja ilhali mwenziwe hapati kitu. Aliyeko juu naye hanyamazi. Ana hoja zake za kujihesabu kuwa ndiye mwenye haki. Mnazi kwa watu wa pwani ni riziki ya nyumba nzima: hutoa tui, mafuta, makuti ya kuezekea na makumbi ya kusokotea kamba. Hauliwi na mtu mmoja akaumaliza. Ni rahisi kuiona nchi katika mti huo, na katika ugomvi huo kuwaona wenzi wa mapambano ya uhuru waliofarakana mwaka 1966, Oginga Odinga alipotoka KANU na kuiongoza KPU.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba aliyeko juu ya mnazi amepewa ulimi. Mshairi aliyenyimwa sauti na dola anampa mwenye nguvu nafasi ya kujitetea, na bado anamwita ndugu. Mamba anasemwa, aliyeko mnazini anasema. Katika shairi la kwanza madhalimu wametolewa nje ya jamii ya watu, lakini katika la pili wangali ndani ya ukoo, na kwa hiyo wanaweza kulaumiwa, kujibiwa na kudaiwa. Lawama ya aliyeko chini ni kali kwa sababu ni ya udugu.

Mashairi haya hayakubaki Kenya. Mshairi mwenyewe alihamia Tanzania, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, hadi mwaka 1979. Msomaji wa bara huyapokea kwa namna yake. Mtu wa Mbesa, wilayani Tunduru mkoani Ruvuma, hahitaji kuelezwa habari za mamba. Mto Ruvuma unao. Kwa mnazi, huenda akahitaji kufikiria mkorosho, ambao ndio zao la biashara la wilaya yake. Akifanya hivyo, ugomvi wa Badi na Alii utamwia karibu: mti ulioachwa na wazee, na mmoja katika warithi akazivuna korosho peke yake. Lahaja ya Kimvita itamtatiza mahali fulani, kisa hakitamtatiza.

Mwaka 1974 Sauti ya Dhiki ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, iliyobeba jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mshairi. Tuzo hiyo haikulimaliza shauri la mnazi. Alii na Badi wangali wanajibizana, na msomaji anaachiwa kuamua kama aliyeko juu bado ni ndugu wa kuambiwa ateremke, au amekwisha kuwa mamba.