Tanga Mbili na Deyr: Pepo Zisizotulia katika Msamiati wa Bahari na wa Nyika

Tarbaj ni mji mdogo wa Kaunti ya Wajir, kando ya barabara itokayo Wajir kwenda Mandera. Kutoka hapo hadi Bahari ya Hindi ni mamia ya kilomita, na wenyeji wake walio wengi ni Wasomali wafugaji. Mchunguzi wa istilahi za ubaharia wa Waswahili hatarajiwi kwenda kuzitafutia mwanga mahali kama hapo. Hata hivyo, makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali moja la kale la ubaharia, yaani jinsi manahodha walivyokabili pepo zisizotulia katika safari ndefu, halielezeki barabara mpaka majira ya pwani yatazamwe sambamba na majira ya nyika.

Yafaa kuanza na pepo zenyewe. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyovileta vyombo vya Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi hadi Lamu, Mombasa na Unguja. Kusi huanza Aprili, hupata nguvu Juni na Julai, kisha hulegea katika demani. Baina ya pepo hizi mbili kuna kipindi ambacho Kiswahili hukiita tanga mbili au malelezi, wakati ambapo upepo hauna mwelekeo wa kutegemewa. Kwa safari fupi za mwambao kipindi hiki kina manufaa, kwani chombo chaweza kwenda huku au kule. Kwa safari ndefu ya kuvuka bahari ni hatari: leo shwari, kesho dhoruba ya ghafla, keshokutwa upepo wa omo, na maji ya kunywa yanazidi kupungua.

Nahodha aliyekutwa na hali hiyo hakuwa na njia nyingi. Aliweza kubisha, lakini jahazi kubwa la tanga la pembetatu hubisha kwa taabu, kwani foromali yake ni ndefu na nzito. Aliweza kuambaa pwani akitumia umande wa alfajiri utokao bara na upepo wa mchana utokao baharini. Aliweza pia kutia nanga na kungoja. Ila dawa iliyo bora ilikuwa kutokutwa kabisa, na kwa hiyo elimu ya nahodha ilikuwa kwanza elimu ya tarehe. Aliyetaka kurudi Uarabuni aliondoka kusi ilipokuwa changa au ilipolegea. Akitangulia mno alinaswa na malelezi. Akichelewa alikutana na kusi kali ambayo Wasomali wa pwani huuita wakati wake badxiran, yaani bahari iliyofungwa.

Gharama ya kuipuuza elimu hiyo imeandikwa wazi katika historia. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiwa na rubani aliyepewa hapo, na tarehe 20 Mei akatia nanga karibu na Calicut. Safari hiyo haikutimiza mwezi mmoja. Katika kurudi aliondoka kisiwa cha Anjediva tarehe 5 Oktoba, kabla kaskazi haijashika. Shwari na pepo za kupinga zilimweka baharini karibu miezi mitatu. Mabaharia wapatao 30 walikufa kwa kiseyeye, na Mogadishu haikuonekana mpaka tarehe 2 Januari 1499. Baadaye merikebu ya São Rafael ilichomwa moto kwa sababu mabaharia waliosalia hawakutosha kuiendesha. Bahari ni ileile, merikebu ni zilezile. Kilichotofautiana ni majira.

Ni katika hatua hii ndipo Tarbaj inapoingia. Wasomali huugawa mwaka katika majira manne: jilaal, kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka, gu, mvua kuu zianzazo Machi au Aprili, xagaa, wakati mkavu wa katikati ya mwaka, na deyr, mvua za Oktoba hadi Desemba. Ukiyapanga majira haya kando ya yale ya baharia, jilaal huangukia kaskazi na xagaa huangukia kusi. Gu na deyr huangukia mageuzi ya pepo, yaani tanga mbili. Ulinganifu huu si wa bahati. Pepo zinapogeuka, ukanda ambamo hewa za kaskazini na za kusini hukutana hupita juu ya ikweta. Hewa hupanda, hupoa na kumwaga mvua. Baharini ukanda huohuo ndio mama wa shwari na dhoruba.

Basi jambo alilolikimbia nahodha ndilo alilolingoja mfugaji. Upepo uliotulia ulimfikisha baharia kwao, nao ulimkausha ngamia malisho. Upepo uliotangatanga ulimzuia baharia, nao ulijaza mabwawa ya mvua. Kiswahili kimelitaja tukio hili kwa tanga, Kisomali kimelitaja kwa mvua.

Tena, jamii hizi mbili zililikabili tukio hilo kwa chombo kimoja, nacho ni hesabu ya mwaka wa jua. Waswahili walihesabu miongo, yaani makumi ya siku, kuanzia Nairuzi au Siku ya Mwaka, ambayo huko Makunduchi huadhimishwa Julai. Wasomali huanza mwaka wao wa jua kwa dabshid, sikukuu ya kuwasha moto, iitwayo pia Neeruus. Majina Nairuzi na Neeruus yana asili moja ya Kiajemi. Ahmad ibn Majid, mwanamaji mashuhuri wa karne ya 15, alitaja nyakati za kung'oa nanga kwa siku za Nairuzi hiyohiyo. Mwaka wa Kiislamu wa mwezi, unaopungukiwa na siku kama 11 kila mwaka, usingeweza kuitumikia kazi hii.

Safari ndefu za matanga zimekwisha, na vijana wengi wa pwani sasa huijua kaskazi kama upande wa dira tu. Kule nyikani pepo hizo bado ni suala la uhai: kutoka Oktoba 2020 hadi Desemba 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na mifugo mingi ya Wajir ikaangamia. Kwa hiyo wanaokusanya msamiati wa pepo wasiishie ufukweni. Maana ya tanga mbili haikamiliki katika kamusi isiyojua deyr, na wanaoweza kuikamilisha wangali wakiitazama mbingu ya Tarbaj kila Oktoba.