Punda wa Dobi Darasani: Watoto na Mazungumzo juu ya Wahusika wa Hadithi

Miongoni mwa hadithi zilizokusanywa Unguja na Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza, na kuchapishwa London mwaka 1870 katika kitabu kiitwacho Swahili Tales, imo ile ya Punda wa Dobi. Wengi wa wasomaji wa jarida hili waijua. Shabaha yangu si kuisimulia upya, bali kuonyesha kwamba historia yake yatupa mwongozo katika jambo linalowatatiza walimu wa shule za msingi hata leo: namna ya kumsaidia mtoto azungumze juu ya mhusika wa hadithi, asiishie kukariri yaliyotendeka au kutaja fundisho aliloandaliwa.

Kwanza tutazame asili yake. Kisa cha mnyama aliyejiokoa kwa kusema kwamba ameuacha moyo wake nyumbani kimo katika Panchatantra, mkusanyo wa kale wa hadithi za Kihindi, na humo rafiki wa kima ni mamba. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa alifasiri kutoka Kiajemi cha kale kitabu cha Kalila na Dimna kwa Kiarabu, na humo rafiki huyo ni kobe. Katika masimulizi ya Unguja amekuwa papa, na mti ni mkuyu ulioinamia bahari. Wanyama wamebadilika, lakini maswali ni yale yale: nani alimhadaa nani, na kwa nini aliyehadaiwa alisadiki?

Papa hutupiwa matunda na Kima kila siku, kisha amwalika kwake. Wakiwa safarini amfunulia kweli: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima ajibu kwamba kima wanapotembea huacha mioyo yao mtini. Basi warudi kuuchukua. Akisha kuukwea mkuyu hashuki tena. Papa anapomwita, Kima amuuliza kama amemfanya punda wa dobi, asiye na moyo wala masikio, ndipo amsimulie habari za punda huyo. Punda alinusurika makuchani mwa simba, akabembelezwa na sungura, akarudi, akauawa. Sungura akavila kwa siri moyo na masikio, kisha akamhakikishia simba kwamba punda hakuwa navyo, kwani angalikuwa navyo asingalirudi.

Hapa pana jambo kubwa. Kima, naye ni mhusika, anazungumza juu ya wahusika wengine ili aeleze kitendo chake mwenyewe. Maneno ya sungura nayo yana sura mbili: juu ya nyama ni uongo mtupu, lakini juu ya tabia ni kweli tupu. Katika lugha yetu moyo ni kiungo cha mwili, na pia ni ushujaa na fikira. Masikio ni ya kusikilia, na pia ni usikivu wa maonyo. Mtoto aliyelelewa katika Kiswahili anayo tayari msamiati wa kumweleza mhusika kabla hajafundishwa neno mhusika lenyewe.

Lakini msamiati hautoshi. Mtoto asimuliapo hutegemea kiambishi -ka-: akaenda, akapanda, akasema. Kiambishi hiki husukuma habari mbele, wala hakimpi msimulizi nafasi ya kusimama na kumtazama mtendaji. Kumzungumzia mhusika kwataka maneno mengine: kwa kuwa, ingawa, ili, huenda; na zaidi ya hayo viambishi -nge- na -ngali-. Hukumu yote ya sungura imebebwa na -ngali-. Kwa hiyo mwalimu amwombaye mtoto azungumze juu ya mhusika anamwomba, pengine bila kujua, abadili sarufi yake.

Historia ya shule zetu haikulipa jambo hili uzito. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ilishughulika hasa na usanifishaji: tahajia, maneno na ubora wa lugha katika vitabu vya shule. Ilikuwa kazi ya lazima. Hata hivyo ilihusu maneno yaliyochapwa, wala haikuhusu maneno ya mtoto anayejibu. Mwaka 1967 Tanzania ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule ya msingi, mtoto alipata lugha ya kujibia. Lakini swali aliloulizwa mara nyingi lilibaki lile la kale: hadithi hii yatufundisha nini?

Niliporudi kutoka masomoni ng'ambo, niliketi siku moja nyuma ya darasa la nne katika shule moja ya bara, hadithi hii ikisomwa. Mwalimu aliuliza Kima ana tabia gani. Darasa zima likaitikia kwamba ni mwerevu. Msichana mmoja akasema, "Ni mwongo." Akaambiwa amekosa, akaketi. Nilinyamaza kwa adabu ya mgeni, na kunyamaza huko kwanisuta hadi leo. Jibu lake lilikuwamo katika hadithi. Alilokosa ni swali la pili: kwa nini wasema hivyo?

Laiti angaliulizwa, mengi yangalifuata. Nani alidanganya kwanza? Papa angalinyamaza mpaka wafike, Kima angalipona? Je, kufunua siri kwake kulikuwa uaminifu au upumbavu? Mwongo ajiokoaye nafsi yake ni sawa na mwongo amwuaye rafiki? Maswali haya hayamtaki mtoto achague baina ya mwema na mbaya. Yamtaka aonyeshe tendo, ataje sababu, kisha afikiri kama mambo yangalikwenda vingine.

Basi yafaa mwalimu aende kwa daraja. Mtoto asimulie kwanza kwa -ka-, kwa kuwa hapo ndipo alipo mwenyeji. Kisha aonyeshe mahali katika hadithi panapomfanya aseme asemavyo. Mwisho aingie katika -ngali-. Jibu lenye ushahidi lisikataliwe kwa sababu tu halikuandikwa katika mwongozo wa mwalimu. Mtoto tunayemkalisha chini kwa jibu la namna hiyo atajifunza kusikiliza bila kufikiri, na huko ni kumwachia masikio na kumnyang'anya moyo.