Fulana ya Nahodha na Irabu ya Uhura

Tarehe 8 Septemba 1966 watazamaji wa Marekani walimwona kwa mara ya kwanza Nahodha James Kirk wa tamthilia ya Star Trek, chombo chake kikipasua anga. Hadi leo wapenzi wake huvaa fulana ya rangi ya dhahabu yenye ukosi mweusi, wakiamini ndiyo aliyoivaa. Kumbe sivyo! Vazi la nahodha, kazi ya fundi William Ware Theiss, lilikuwa la kitambaa mfano wa mahameli, tena la kijani. Taa za studio ndizo zilizoligeuza dhahabu machoni pa watu.

Fulana nyekundu ni ya Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano, na hapo msomaji wa Kiswahili hana budi kutua. Nichelle Nichols, mwigizaji Mmarekani mweusi, alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili na riwaya ya Robert Ruark ya mwaka 1962 iitwayo Uhuru, inayohusu Kenya. Neno likapendeza, ila likaonekana kali mno kwa jina la mwanamke; irabu ya mwisho ikalainishwa. Ukali gani huo, ilhali irabu iliyong'olewa ni ya shina lenyewe, huru?

Baada ya msimu wa kwanza Nichols alitaka kuondoka. Kwa masimulizi yake, Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Akabaki mpaka tamthilia ilipokoma mwaka 1969, kitini pake nyuma ya nahodha, katika vazi jekundu.