Kompyuta Chumbani, Skrini Mtamboni

Katika viwanda vyetu vya Pwani, kuanzia vya saruji kule Bamburi na Vipingo hadi vya chumvi Gongoni, kompyuta ina maadui wanne: vumbi, joto, unyevu na chumvi ya hewani. Vumbi huziba feni, joto hupunguza umri wa vifaa, unyevu na chumvi hula shaba taratibu. Lakini msimamizi wa mtambo hawezi kufanya kazi bila skrini. Asipoona kipimo cha joto la tanuri, ni sawa na dereva aliyefungwa macho.

Dawa yake ni kutenganisha. Kompyuta hukaa kwenye chumba safi chenye kiyoyozi na kufuli, kisha skrini, kibodi na mausi ndivyo hupelekwa mtamboni. Mafundi huuita mpango huu KVM, na kwa bahati herufi hizo zasomeka hata kwa Kiswahili: kibodi, video, mausi.

Wengi hudhani ni kununua kebo ndefu tu. Sivyo. Kebo ya USB 2.0 ya kibodi na mausi ina mpaka wa mita 5. Kebo ya kawaida ya HDMI huanza kusumbua kwenye mita 10 hadi 15, hasa picha ikiwa ya ubora wa juu. Zile za VGA za zamani hufika mbali zaidi, ila picha hufifia na herufi huota vivuli.

Kwa hivyo hutumika visanduku viwili. Kimoja huwa karibu na kompyuta, hutuma picha. Kingine huwa kwa mfanyakazi, hupokea picha hiyo na kurudisha amri za kibodi na mausi. Kati yake kuna njia tatu.

Ya kwanza ni waya wa mtandao, Cat5e au Cat6. Vifaa vingi vya aina hii hufika hadi mita 100, na bei yake ni nafuu. Lakini tahadhari: tundu ni lile lile la mtandao, ila vingi havikubali kupitia swichi. Waya uende moja kwa moja kutoka kisanduku hadi kisanduku.

Ya pili ni faiba, ambayo hupitisha mwanga badala ya umeme. Ipo aina inayofika mamia ya mita, na ipo inayofika kilomita 10 na zaidi kwa vifaa vinavyoiwezesha.

Ya tatu ni kupitia mtandao wa kiwanda wenyewe. Hapo umbali si hoja, ila picha huweza kuchelewa kidogo, na mgeni naye huweza kubisha hodi. Itengewe mtandao wake, nywila iliyokuja na kifaa ibadilishwe, na isiachwe wazi kwenye intaneti.

Kuna watakaouliza: kwa nini tusitumie programu ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali? Kwa sababu kompyuta ikikwama, programu hiyo hukwama nayo. KVM hukuonyesha skrini tangu kompyuta inapowashwa, hata kabla Windows haijaamka.

Rai yangu ni hii: penye mota kubwa, na baina ya jengo na jengo, usibanie pesa, weka faiba. Mota na vifaa vya kudhibiti kasi yake hutoa kelele ya umeme inayoingia kwenye shaba, picha ikaruka na mausi ikagoma. Na radi ikipiga karibu, waya wa shaba uliounga majengo mawili huweza kuunguza vifaa vya pande zote mbili. Faiba haibebi kelele hiyo wala umeme huo.

Nimeona kiwandani waya wa data umelazwa njia moja na waya wa mota, kisha fundi wa kompyuta akalaumiwa. Ikibidi kutumia shaba, chagua waya wenye ngao, uunge ngao hiyo na ardhi, utenge na nyaya za umeme, na zikilazimika kukutana zikatane kama msalaba, zisiende sambamba.

Kabla ya kununua, pima njia ya waya, si umbali wa macho. Waya hupanda, hushuka na kuzunguka nguzo. Hakikisha kila kisanduku kina umeme wa akiba, kwani kompyuta kuwaka haisaidii ikiwa kisanduku cha mwisho kimezimika. Na ujaribu vifaa vyote na waya ule ule mezani kabla ya kupanda ngazi.

La mwisho ndilo kubwa. Kitufe cha dharura cha kusimamisha mtambo kisitegemee skrini wala mausi hata siku moja. Kiwe na waya wake, mahali ambapo mkono unafika. Skrini ikizimika tutaagiza nyingine. Mkono wa mtu ulionaswa na ukanda hauna dukani. Wahenga walisema: tahadhari kabla ya hatari.